Sentimita Ishirini na Tano za Kulwari

Yule tata, yaani mzee wa heshima, wa ofisi ya mipango ya mji aliigeuza karatasi yangu upande wa kulia, akaigeuza wa kushoto, mwisho akaisimamisha kichwa chini. Kisha akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyepinduka.

"Mama, mi si popo," akasema. "Bipimo byako bingine bimelala, bingine biko kichwa chini. Nisome namna gani? Nipande juu ya meza?"

Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka. Mimi sikucheka. Kuchora nyumba za watu ndiyo kazi yangu hapa Kolwezi, na nimechora nyingi, ila hiyo aliyokuwa anaichezea mikononi ilikuwa nyumba ya mama yangu. Nikamwambia namba zote zipo, hakuna hata moja iliyokosekana. Akanirudishia karatasi pole pole, kwa adabu, jambo lililoniudhi zaidi.

"Zipo, ndiyo. Lakini fundi akisoma moja mubaya, ukuta unaenda kwa jirani, na jirani anakuja kulia hapa kwangu. Kuya siku ya tano mbele ya saa sita. Ukichelewa, utangoja, na mvua haitakungoja."

Ilikuwa Jumanne, na siku ya tano kwetu ni Ijumaa. Nikatoka nje nimefura, nikapanda pikipiki ya taxi-moto bila hata kupatana bei.

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililoniwasha. Lupango la mama, ndivyo tunavyoita kiwanja huku kwetu, limekaa mshazari. Waliolipima walifuata barabara ya zamani ya malori wakaisahau dira. Mimi niliichora nyumba imenyooka kwenye kompyuta, kisha nikaishika yote nikaizungusha ikae kwenye lupango. Nyumba ilipozunguka, namba za vipimo zikazunguka nayo. Zingine zikainama, zingine zikalala ubavu, zile za ukuta wa nyuma zikasimama kwa kichwa.

Tulikuwa na sababu ya kukimbizana na mvua. Nyumba yetu ya mtaa wa Dilala, moja ya zile nyumba za kambi walizopewa wafanyakazi wa mgodi enzi za wazee wetu waliotoka Kasai, ilikuwa imepasuka. Kila walipolipua mawe kule shimoni, ufa uliongeza kidole. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuziba mara tatu, na ukuta bado tulikuwa tunaujenga. Jirani mmoja alikwisha kuchimba shimo ndani ya jiko lake akitafuta madini, na usiku tulisikia watu wakikohoa chini ya ardhi. Mama akasema basi. Akanunua lile lupango la mshazari kwa akiba ya miaka ya kuuza unga sokoni, akaniambia nichore.

Masharti yake hayakuwa mengi. Jiko liwe na dirisha, mlango wa mbele uwe uleule wa nyumba ya zamani, maana mbao zake nzuri hazipatikani tena. Na kulwari, ile njia ya ndani inayotoka vyumbani kwenda salon, yaani sebuleni, iwe pana.

"Pana namna gani?" nilimuuliza.

Alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akasimama katikati ya jiko, akatanua mikono kidogo. "Sanduku hapa katikati. Mukono ya mutu huku, mukono ya mutu huku. Bisikwaruze ukuta."

Sikuhitaji kuuliza sanduku gani.

Tata, baba yangu, alipofariki, tulimlaza chumbani kwake, katika nyumba ileile ya kambi. Kulwari ya nyumba zile ni sentimita themanini, na mlango wa chumba unafungukia ubavuni. Wanaume sita waliliinua jeneza, likakataa kukata kona. Wakalisimamisha, wakalilaza, mmoja akaumia vidole. Mwisho wakang'oa fremu ya dirisha, wakampitisha pale, huku watu wa matanga wamesimama uani wanaangalia, na wapiga nyimbo wamenyamaza. Mama hakulia siku ile. Alisema neno moja tu kwa Kiluba, "Mamu wanyi," yaani mama yangu wee, na baadaye, wageni walipokwisha kuondoka, akaniambia: "Tata yako ametoka mu nyumba yake sawa mwizi."

Miaka imepita na hajaacha kulisema. Kwa hiyo katika nyumba mpya nilimweka chumba cha mwisho, mlango ukitazama moja kwa moja kulwari, kulwari ikitazama salon, salon ikitazama mlango wa mbele. Kutoka kitandani mpaka barabarani mstari mmoja. Na upana? Nilimjibu palepale jikoni, nikimega bukari: "Mita moja na ishirini, mama. Nakuahidi."

Basi Jumanne ile nilirudi ofisini kwangu, kachumba kadogo pembeni ya duka la fotokopi, nikaanza kunyoosha namba. Moja moja. Unaibofya, unaizungusha, unaisogeza; unaizungusha iliyo jirani, zinapandana; unaisogeza tena. Nilikuwa na hasira, na hasira ina haraka zake. Namba iliyokataa kunyooka niliifuta, nikaandika nyingine mahali pake kwa vidole vyangu.

Hapa lazima nieleze kitu, maana ndipo dhambi yangu ilipo. Kwenye kompyuta, namba ya kipimo haiandikwi. Unaonyesha ukuta huu na ukuta ule, mashine yenyewe inapima na kusema. Ukiusogeza ukuta, namba inabadilika. Lakini ukiiandika kwa mkono juu ya ile ya mashine, imekufa. Hata ukuta uhame ukaenda Likasi, namba itabaki inasema ulichoiambia. Kila mchoraji anajua hili, na kila mchoraji aliyechoka anafanya.

Nilipofika kwenye kulwari nikaikuta namba yake iko kichwa chini: 0,95. Sentimita tisini na tano. Ndivyo ninavyochora kulwari za watu wote, mkono umezoea, na ahadi niliyompa mama sikuwa nimeichora bado. Kusogeza ukuta kungevuruga vyumba viwili na namba zote nilizokwisha kunyoosha. Nikafuta 0,95, nikaandika 1,20. Nikajiambia ukuta nitausogeza baadaye. Nilisahau kama mtoto anavyosahau kuosha sufuria, yaani nilijua vizuri sana.

Jumatano asubuhi tulikutana na fundi kule lupangoni. Ni mwashi mzee, anasali kanisa moja na mama, ameijenga nusu ya mji huu. Nikampa karatasi yangu mpya, namba zote zimesimama, nikangoja anisifu.

Yeye haangalii karatasi mkononi. Waashi wetu wa zamani hawafanyi hivyo. Aliiweka chini kwenye vumbi, akaizungusha mpaka ikalala kama lupango linavyolala, akaweka tofali kila pembe upepo usiichukue. Kisha akachuchumaa na msumari. Hawa watu hawachimbi kabla hawajajumlisha. Wanachukua vipande vyote kutoka ukuta wa nje mpaka ukuta wa nje, chumba, ukuta, kulwari, ukuta, chumba, wanaviandika ardhini, wanajumlisha, wanalinganisha na urefu wa jumla.

Akaandika. Akafuta kwa kiganja, akaandika tena.

"Mutoto yangu, bipande binafika nane na ishirini na tano. Inje umeandika nane."

Nikaijua palepale ile 1,20 yangu. Yeye wala hakushtuka. Akasimama, magoti yakilia, akajipangusa mikono.

"Haizuru. Njo vile siku zote. Tutakata kwa kulwari."

"Kwa nini kwa kulwari?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Eh! Chumba ukikata, mwenyewe analia kitanda haiingie. Salon ukikata, wageni banafinyana. Jiko, bamama banakutukana. Kulwari haina mwenyewe. Nani analala mu kulwari?" Akacheka, cheko la mtu mwema. "Inabakia tisini na tano. Inatosha kwa kupita."

Mama alikuwa amekaa juu ya rundo la tofali, mwavuli mkononi. Alinyanyuka, akatembea mpaka mwisho wa lupango, kule ulikoegemezwa mlango wa nyumba ya zamani, uliokwisha kuletwa kwa mkokoteni na kufunikwa turubai. Akaanza kuufuta vumbi kwa ncha ya kitenge chake. Mlango haukuwa na vumbi.

Nilitamani anitukane. Mama yangu anajua kutukana, akianza, majirani wanaleta viti. Kufuta kule kulinichoma kuliko matusi yote. Nilijiona mimi ndiye niliyemshika tata miguu na kumpitisha dirishani mara ya pili.

"Tata," nikamwambia fundi, "usikate kitu. Nipe siku mbili."

"Lakini ni bidogo, mutoto yangu..."

"Usikate kitu!"

Nilimpandishia mzee sauti, na kwa hilo nilimwomba radhi baadaye. Lakini siku ile nilichukua karatasi yangu chini, nikaikunja na vumbi lake, nikaondoka.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa ofisini. Nikaufungua ule mchoro, nikauangalia, na kusema kweli nikauchukia. Namba zote zimenyooka, na sikujua tena ni ipi inayosema kweli. Kulikuwa na 1,20 yangu, lakini Jumanne ile niliandika ngapi nyingine kwa vidole? Nikazifuta zote. Nilipomaliza, nyumba ilibaki kuta tupu, imelala mshazari, haina hata kipimo kimoja. Umeme nao ukakatika. Mwenye fotokopi akawasha jenereta, nikamwomba waya, akanipa huku akinung'unika kwamba mafuta hayaokotwi.

Nilikaa naitazama ile nyumba iliyoinama, na nikamkumbuka tata mezani kwake.

Tata alikuwa mchoraji wa kampuni, wa kalamu ya wino na rula ndefu ya T. Meza yake ya kuchorea alikuja nayo nyumbani alipostaafu, kubwa, imejaa alama za wembe. Utotoni, kabla ya hapo, nilikuwa ninamfuata kazini Jumamosi na kukaa chini ya meza hiyo. Alipoletewa lupango la mshazari hakuiinamisha nyumba hata siku moja. Aliibandua karatasi, akaizungusha mpaka nyumba ikalala sambamba na rula, akaibandika upya. Hapo akachora kuta zimenyooka na kuandika namba zimenyooka. Mshale wa kaskazini ndio aliouacha uiname pembeni. Wenzake wakimtania, aliwajibu: "Kaskazini haiumwe shingo."

Nikapiga meza kwa kiganja, mwenye fotokopi akachungulia. Miaka yote hii nimekuwa nikizungusha nyumba! Kumbe ni karatasi.

Nikaiacha nyumba palepale ilipo, kwenye ardhi yake, na mshazari wake wote. Nikaligeuza lile dirisha la ukurasa, kwenye kompyuta, linaloitazama nyumba, mpaka ukuta wa mbele ukalala sawa na ukingo wa chini wa karatasi. Nikaiambia mashine kwamba mlalo wa hapa ni ukuta huu, wala isitafute mwingine. Mshale wa kaskazini ukapinda ukaelekea kona, uende zake. Kisha nikaanza kupima upya, kipande kwa kipande, na safari hii sikuandika namba hata moja. Mashine ilisema, mimi nikanyamaza. Zile za mlalo zilisomeka kutoka chini, zile za wima kutoka kulia, kama inavyotakiwa. Hakuna iliyopandana, hakuna popo.

Nikafika kwenye kulwari. Nikabofya ukuta huu, nikabofya ukuta ule. Ikatokea imenyooka, safi: 0,95.

Haya. Angalau sasa uongo umekwisha.

Zilibaki sentimita ishirini na tano za kutafuta, na hazikuwa na pa kutoka. Nje sikuweza kutanua, lupango ni jembamba na sheria inataka nafasi kati yetu na jirani. Upande wa kushoto kuna chumba cha wajukuu wa mama, mita tatu na kumi, vitanda viwili vya kupandana na kabati. Hapo hakuna hata kidole cha kukata. Upande wa kulia kuna changu, mita tatu na ishirini na tano. Nilikichora kwa kipimo kile kwa sababu moja: kitanda changu na meza ya tata viingie ukuta mmoja. Nilikwisha kujiona nimekaa hapo, taa juu, meza yake chini ya viwiko vyangu. Ukikata ishirini na tano, meza haiingii.

Nilikwenda nyumbani mchana ule, nikamkuta mama anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Mama, nilikuandikia uongo. Ile mita moja na ishirini haikuwepo. Niliandika namba tu."

Akaendelea kuchambua. "Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Fundi alipoanza kucheka, na we haukucheka." Akatupa bua pembeni. "Banasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako, mama, ilikuwa nyembamba pia."

Hapo nikajua amenisamehe nusu. Nikamweleza nimeamua kukata chumba changu. Akaacha sombe.

"Na meza ya tata yako?"

"Itakaa salon."

"Salon! Batu bakulie bukari juu yake?"

"Wakulie. Na samaki pia."

Nilidhani atakataa, maana anaipenda ile meza kuliko mimi. Nikamwambia kabla hajafungua mdomo: "Mama, mimi nitatoka chumbani kwangu kila asubuhi kwa miguu yangu. Sihitaji nafasi kubwa." Akainamisha kichwa, akarudi kwenye majani yake. "Bon," akasema. "Tutaiwekea nailoni."

Nikarudi ofisini nikausogeza ukuta. Na uzuri wa namba iliyo hai ndio huu: sikugusa kitu kingine. Chumba changu kikasema chenyewe 3,00. Kulwari ikasema 1,20. Nje ikabaki 8,00. Nikajumlisha hata hivyo, kwa msumari, kama fundi, juu ya vumbi la sakafu ya ofisi yangu, ambalo halikosekani. Ikakubali. Nikajumlisha tena kutoka upande wa pili. Ikakubali tena.

Ijumaa saa tatu nilikuwa wa kwanza mlangoni. Yule tata wa ofisi aliiweka karatasi mezani, akangoja ajisikie hamu ya kuigeuza. Hakuigeuza. Akajumlisha kwa kikokotoo, akaangalia mshale wa kaskazini uliopinda kwenye kona.

"Hii kaskazini iko inalewa?"

"Iko mahali pake, tata. Ni lupango ndilo limelewa."

Akacheka, akagonga muhuri. "Leo shingo yangu inapumuzika," akasema.

Wiki iliyofuata fundi alipiga vigingi na kuvuta kamba. Nilimwomba radhi, akanipigapiga begani, akasema hasira ya mtoto kwa ajili ya mzazi haina kesi. Mawingu yalikuwa yanakusanyika. Kamba nyeupe zilichora nyumba nzima juu ya udongo mwekundu: salon, jiko, vyumba, na katikati kulwari, nyuzi mbili zilizonyooka kutoka chumba cha mama mpaka mbele.

Mama akaja amevaa kitenge chake cha kanisani, siku ya kazi. Akatembea ndani ya kamba zote, chumba kwa chumba. Kisha akaelekeza kidole kwenye ule mlango wa zamani.

"Muubebe," akasema. "Mutoke nao mu chumba yangu."

Fundi alitaka kuuliza, nikamkonyeza. Tukautoa turubai. Ulikuwa mzito, mbao za zamani, mita mbili kwa sentimita themanini. Tukauingiza mahali patakapokuwa kitanda, tukaulaza, tukaushika kwenye mbavu, mimi mbele, yeye nyuma. Nikarudi kinyumenyume hatua moja, nikaingia kulwari. Mkono wangu wa kulia ulikuwa karibu na kamba, wa kushoto vilevile. Mama alitufuata kwa nyuma, mikono kifuani, anatembea pole pole kama watu wanavyotembea nyuma ya jeneza. Ndipo nikaelewa kwamba mlango huu ndio ambao tata hakuupita, na kwamba safari hii niliyembeba si tata, ni mama. Nikalia palepale, nikiwa nimeshika mbao, bila mkono wa kujifuta.

Tukapita kulwari yote. Tukapita salon. Tukatoka mahali patakapokuwa mlango, mpaka ukingo wa barabara. Kamba haikutikisika.

Mama aligeuka, akaiangalia ile njia tuliyotoka. "Tata," akamwambia fundi, "umeona? Kulwari iko na mwenyewe."

Fundi akavua kofia yake. "Eyo, mama."

"Bon," akasema, akikunjua mwavuli wake maana tone la kwanza lilikuwa limeanguka. "Muchimbe sasa. Mi sina haraka, lakini mvua iko nayo."